Majina Matatu kwenye Sanduku la Barua

Ukipanda barabara ya Spruce Lick, pale lami inapokwisha na changarawe kuanza, utaona sanduku la barua juu ya nguzo iliyoinama kidogo. Limegongwa na magari mara mbili, na mara mbili limenyooshwa kwa nyundo. Ubavuni limeandikwa majina matatu kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mtu asiye na haraka: T. Sizemore, G. Sizemore, H. Napier. Mwenye sanduku ni huyo wa kwanza. Hao wawili barua zao tu ndizo zinazolala humo.

Huku kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Tarishi hapandishi gari lake kwenye changarawe, kwa hiyo anayekaa chini humpokelea barua anayekaa juu, na aliyekosa pa kukaa huazimwa anwani kama mtu anavyoazimwa ngazi. Muulize mtu wa Kaunti ya Harlow anaishi wapi, atakuonyesha mlima. Muulize barua zake zinakwenda wapi, atakutajia shangazi yake, au dada yake, au kanisa. Hayo kwetu ni maswali mawili, na sikumbuki kama yamewahi kumdhuru mtu, mpaka Twyla Sizemore alipokwenda kuomba mkopo wa nyumba.

Twyla alikuwa na miaka arobaini na saba, mpishi wa shule ya msingi. Nusu ya kaunti imekua kwa maharage yake na mkate wake wa mahindi, na hata leo kuna wanaume wazima wenye ndevu ambao wakikutana naye dukani hunyoosha mgongo, kana kwamba bado wameshika sinia. Aliishi na mama yake, Orpha, katika nyumba ya trela ya kupanga, hatua kama thelathini kutoka kijitoni. Mumewe alikwenda Ohio kutafuta kazi siku nyingi, akapata kazi na mke.

Nyumba yao halisi, ile aliyozaliwa yeye na mdogo wake Garland, ilichukuliwa na mafuriko miaka mitatu nyuma, asubuhi moja ya Julai. Maji yalikuja hata kahawa haijachemka. Orpha alitolewa dirishani akiwa pekupeku, akatembea nusu maili juu ya matope na vioo. Tangu siku ile, mvua ikianza tu kugonga bati, mama huyo wa miaka sabini na minne huvaa viatu, hufunga kamba mafundo mawili, na hukaa ukingoni mwa kitanda mpaka ikatike. Ikinyesha siku tatu, analala navyo siku tatu.

"Mama, utaota mizizi humo ndani," Twyla alikuwa akimtania.

"Mizizi haina shida," Orpha alijibu. "Shida ni kutafuta viatu huku umening'inia dirishani."

Walicheka, lakini Twyla alikuwa ameviona vidole vya mama yake. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vitu vilivyosahauliwa ndani ya maji.

Ndiyo maana aliitaka nyumba ya Clell Fugate. Haikuwa nyumba ya kujivunia. Ilikuwa na vyumba vitatu vidogo, baraza lililolala upande mmoja, na kisima kizuri. Lakini ilikuwa juu kabisa, mgongoni mwa kilima cha Pilgrim, mahali ambapo hata maji ya Nuhu yangefikiria mara mbili. Mzee Clell alikuwa anahamia kwa binti yake. Alimpa Twyla mkataba wenye sahihi yake, wa mpaka Ijumaa ya pili ya Oktoba. Siku hiyo ikipita, kulikuwa na bwana mmoja wa Lexington aliyetaka mahali pa kufikia msimu wa kuwinda kulungu, naye alikuwa na fedha mkononi.

"Nakupenda sana, Twyla," mzee Clell alimwambia. "Ila binti yangu hanipendi kiasi cha kunisubiri miaka yote."

Benki isingemtazama Twyla mara mbili. Lakini serikali ina mkopo wake kwa watu wa mashambani wenye kipato kidogo, hauhitaji malipo ya awali, na riba hupunguzwa kulingana na hali ya mtu. Masharti ni mengi. Nyumba iwe eneo la mashambani, na hilo halikuwa tatizo, maana mji wetu mkuu una taa moja tu ya kuongozea magari, nayo huwaka njano. Nyumba iwe ya kiasi, isiyovuja, yenye maji salama. Muombaji awe analipa madeni yake kwa wakati. Na kipato cha kaya nzima kisipite kikomo. Twyla alikuwa amehangaika na masharti hayo miezi minane. Mkaguzi alikuwa ameshatambaa chini ya sakafu ya Clell akatoka na buibui kwenye kofia na alama ya kupita. Maji ya kisima yalikuwa yamepimwa. Ilibaki kupeleka karatasi za mwisho tu, za kuthibitisha anapoishi na anachopata.

Jumatatu ya wiki hiyo ya Oktoba, baada ya kuosha masufuria ya chakula cha mchana, alibeba sanduku la viatu lililojaa karatasi mpaka ofisi ya mikopo. Afisa alikuwa Renita Halcomb, mwanamke makini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Watoto wake wawili walikuwa wamepitia mikononi mwa Twyla, na mmoja alikuwa bado humo.

"Amekula leo?" Renita aliuliza, akilipokea lile boksi.

"Amekula mkate wake na wa jirani yake."

"Huyo ni wa baba yake kabisa."

Renita akaanza kuzipanga karatasi. Bili ya umeme. Barua ya pensheni ya Orpha. Hati za mshahara za shule, moja baada ya nyingine, zikigongwa muhuri. Twyla alikuwa akitazama kalenda ukutani, picha ya ghala jekundu kwenye theluji, akifikiria mahali atakapoweka kiti cha mama yake, kando ya dirisha au kando ya jiko. Akagundua kwamba muhuri umenyamaza.

"Dada Twyla," Renita alisema, "Garland anaishi nawe?"

"Garland? Hapana. Kwa nini?"

Renita akageuza karatasi mezani. Ilikuwa hati ya mshahara ya kampuni ya malori ya mawe ya ujenzi, ya mwezi uliopita. Garland Sizemore, dereva. Chini ya jina ilikuwa anwani, na anwani ilikuwa ya Twyla.

Asubuhi ile alikuwa na haraka. Alivuta droo ya jikoni, ile inayotupiwa barua zote zinazotoka kwenye sanduku, akaimwaga yote ndani ya boksi la viatu. Za kwake, za Garland, hata kadi ya daktari wa meno ya mzee Napier ilikuwa humo.

"Hiyo ni barua yake tu," alisema. "Anapokelea kwangu. Unajua sisi tulivyo, Renita. Hata wewe baba yako alikuwa akipokelea kwa mchungaji."

"Najua. Naapa najua." Renita alivua miwani. "Lakini sheria ninayoisoma mimi haimjui baba yangu. Inasema kila mtu mzima anayeishi ndani ya nyumba, kipato chake kinahesabiwa, awe amesaini mkopo au hajasaini. Wewe na mama mko chini ya kikomo. Nikimweka Garland na lori lake, mmekipita, na hamkukipita kidogo."

"Basi usimweke. Itoe hiyo. Nipe, nimpelekee."

Renita hakuinua mkono, na Twyla naye aliona haya kwa alichokisema.

"Mimi sikwenda kuitafuta," Renita alisema polepole. "Ingekuwa sijaiona, nisingekuwa nimeiona. Sasa nimeiona. Sikiliza, si mwisho wa dunia. Garland aandike hati ya kiapo kwamba haishi kwako, na aambatishe kitu cha kuonyesha anapoishi. Hata barua ya mwenye kiwanja. Anasaini mbele ya shahidi wa kiapo, hata pale benki, mara moja. Niletee kabla ya Ijumaa saa kumi, faili linapita."

Kwake lilikuwa jambo jepesi. Alishangaa kumwona Twyla ameshika ukingo wa meza.

Jamani, hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Garland alikuwa na miaka thelathini na minane, na Twyla ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Miaka miwili nyuma ndoa yake na Tammy ilivunjika. Baada ya mafuriko nyumba za kupanga hazikuwepo kaunti nzima, hata kwa mwenye fedha, kwa hiyo Garland alihamia kwenye karavani kuukuu nyuma ya gereji ya matairi, kando ya mto, akivuta umeme kwa waya kutoka dirisha la gereji. Yeye na Tammy walikuwa na binti mmoja, Macie, wa miaka minane. Hakimu akamuuliza Garland mtoto atalala wapi akija kwake. Mtu hawezi kumtajia hakimu waya uliopita dirishani. Akasema, "Naishi kwa dada yangu." Hakimu akataka maandishi ya huyo dada.

Na Twyla akaandika. Aliandika jikoni, kwa kalamu ya shule, kwamba mdogo wake Garland anaishi naye Spruce Lick na kwamba mtoto ana kitanda chake. La kitanda lilikuwa kweli. Garland alikiunda mwenyewe kwa mbao za mwaloni, kilikuwa pembeni mwa sebule, kina farasi aliyechongwa kichwani. Na kila Jumamosi Macie alilala hapo, na Garland akalala kwenye kochi. Siku nne kwa mwezi, pengine tano. Twyla, ambaye hajawahi kuongeza hata kijiko kwenye hesabu ya unga wa shule, alijiambia kwamba siku nne ni sehemu ya kuishi. Akatia sahihi.

Sasa serikali ilitaka sahihi inayosema kinyume.

Jumanne jioni alimkuta Garland amelala chini ya lori, miguu nje.

"Dada, umekuja kununua tairi?" alisema kutoka huko chini. "Viatu hivyo nitavijua hata kaburini."

"Toka huko."

"Ukisema hivyo najua nimevunja kitu." Akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama usoni, na mzaha ukamtoka.

Alimweleza yote. Boksi, droo, ile hati. Garland alisikiliza mpaka mwisho, akiugongesha ufunguo wa boliti kwenye kiganja, taratibu.

"Kwa hiyo niape kwamba siishi kwako."

"Ndiyo ukweli, Gar."

"Ukweli naujua. Ninaulala kila siku, unavuja upande wa miguuni." Akaonyesha karavani kwa kidevu. "Unasema nisaini benki. Nani anakaa dirisha la pili benki? Mama yake Tammy. Niende kwa karani wa mahakama? Dada yake Tammy. Na hata nikisaini mwezini, dada, Novemba tunarudi mbele ya hakimu, na wakili wa Tammy ameomba kila karatasi yenye jina langu. Atasoma. Atauliza, 'Bwana Sizemore, uliapa uongo lini, wakati ule au sasa?' Nitamjibu nini?"

"Sijui."

"Na wewe atakuuliza hivyohivyo."

"Najua."

"Ulinichekea. Ulisema, 'Andika anwani yangu, haina meno.'"

"Nilisema."

Mto ulikuwa unapita nyuma ya karavani, rangi ya chai ya maziwa. Garland akaugeukia. Aliposema tena sauti ilikuwa imepungua.

"Jumamosi iliyopita alinisomea kitabu kizima. Peke yake. Kuna neno moja alilikosea, sikumsahihisha, maana alisema vizuri kuliko lilivyo. Twyla, nikinyang'anywa zile Jumamosi sitakuwa na kitu kingine. Nitakuwa mtu wa kuendesha mawe kutoka hapa mpaka kule. Usiniombe."

Twyla alikuwa amekuja na maneno mengi. Alikuwa na vidole vya mama yao, alikuwa na dirisha lile, alikuwa na matope na vioo. Angeweza kuvitoa kimoja kimoja, na Garland, ambaye ndiye aliyemtoa Orpha dirishani kwa mikono yake, asingeweza kustahimili hata kimoja. Alijua hivyo. Akasema, "Basi sikuombi," akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Jumatano mvua ilianza asubuhi. Twyla alirudi kutoka kazini akakuta Orpha amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vimefungwa, mkoba mapajani, kama mtu aliye kituoni. Kijito kilikuwa kimefika kwenye jiwe la kwanza. Kuna mawe matano kati ya kijito na ngazi ya trela, na Orpha huyasoma kama wengine wanavyosoma saa.

"Garland alipiga simu," mama alisema. "Hakusema kitu. Akaniuliza nimekula nini."

"Ukamwambia umekula nini?"

"Nikamwambia dada yako kaniachia maharage kama mimi ni shule nzima." Akamgeukia. "Mna nini nyinyi wawili?"

Twyla hakukusudia kumwambia, akamwambia. Orpha alisikiliza huku akitazama dirishani.

"Mwache na mtoto wake," alisema.

"Nimemwacha."

"Mimi ni mzee. Nina viatu."

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu nina viatu."

Saa kumi maji yalifika jiwe la tatu. Twyla aliweka dawa za mama, picha na hati ya mkataba wa Clell ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga, akauweka mlangoni. Akakaa kitandani kando ya mama yake, naye akiwa amevaa viatu, wakatazama. Ile hali ya kungoja, aliyewahi kungoja hivyo anaijua: huwezi kupika, huwezi kusali vizuri, unahesabu tu mawe. Maji yalisimama jiwe la nne. Yakakaa hapo. Kabla ya giza yakashuka kidole kimoja.

Orpha hakuvua viatu.

Alhamisi Twyla aliomba karatasi ya barua kwa mwalimu wa darasa la pili, ikawa na tufaha lililochapwa kwenye kona. Akaandika: Mimi, Twyla Sizemore, naondoa maombi yangu ya mkopo. Hakutoa sababu. Alifikiri ni afadhali kuyaondoa mwenyewe kuliko kungoja yakataliwe, na ni afadhali kuliko Garland kuamka siku moja akasema ni yeye aliyeyaua. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa aproni.

Ijumaa, saa ya mapumziko, akaenda nayo ofisini akiwa bado na kofia ya jikoni. Kwenye maegesho kulikuwa na lori la mawe limelala juu ya nafasi nne.

Ndani, Garland alikuwa amekaa mbele ya meza ya Renita, kofia juu ya goti, nywele zimechanwa kwa maji. Mbele yake kulikuwa na hati yenye muhuri, na chini yake barua ya mwenye gereji ya matairi, iliyoandikwa nyuma ya risiti: Garland analala kwenye karavani yangu tangu mwaka juzi, simtozi kitu, ni mtu mwema ila hupiga filimbi.

"Umesaini wapi?" Twyla aliuliza. Hakuweza hata kumsalimu mtu.

"Mahakamani. Kwa dada yake Tammy." Garland hakumtazama. "Nikamwambia aweke nakala kwenye faili letu la Novemba. Afadhali wasikie kwangu."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama nina uhakika. Mara mbili. Sijawahi kumwona yule mwanamke akiuliza kitu mara mbili."

"Garland, nilikwambia sikuombi."

"Hukuomba. Juzi nilikaa ndani ya lori barabarani juu ya daraja lenu, natazama mawe. Jiwe la nne, dada. Nilikuwa nimeshika kamba ya kuvutia." Akapumua. "Siwezi tena kumtoa mama dirishani. Mgongo hauna nguvu hiyo."

Renita alikuwa ameinamia karatasi zaidi ya ilivyohitajika. Twyla akafungua mdomo. "Renita, nataka ujue, kule mahakamani mimi nili—"

"Usiniambie," Renita alikata, kwa upole. "Sikukuuliza hilo. Nimeuliza nani anaishi ndani ya nyumba, na nimejibiwa." Akainua muhuri. "Mko wawili, wewe na mama. Mnakidhi masharti. Lakini sikilizeni nyote wawili. Kila mwaka mtaulizwa tena nani anaishi humo, na lazima jibu liwe hilohilo, la sivyo punguzo la riba linaondoka. Mmenielewa? Jibu lazima liwe la kweli, si la kwenye sanduku la barua."

"Tumeelewa," Garland alisema.

Ile barua yenye tufaha ilikuwa mfukoni mwa aproni. Twyla aliishika. Ilikuwa bado haijachelewa. Muhuri ulikuwa hewani. Angeitoa, hati ya Garland isingekuwa na kazi, wangeichukua, wangekimbia mahakamani kumwomba yule karani airudishe kabla haijapigwa chapa. Hayo yote aliyaona, nayo yalikuwa yanawezekana kwa muda wa pumzi moja. Na aliviona vidole vya mama yake. Mkono haukutoka mfukoni. Muhuri ukashuka.

Baadaye, alipokuwa akinisimulia haya kwenye kibaraza cha kanisa, hapo ndipo alipokwama kila mara. Hakujali sana kuhusu hakimu. "Niliishika, unaelewa?" aliniambia. "Nilikuwa nimeishika hivi." Na angekunja ngumi kunionyesha.

Novemba hakimu alisoma hati mbili zenye anwani moja. Hakupandisha sauti. Hakuwapeleka jela, ingawa aliwaambia kwamba angeweza. Alisema baba ambaye hana mahali pa kulaza mtoto asimlaze. Macie atamwona baba yake Jumapili, kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja, mahali pa watu wengi. Wakili wa Garland, kijana wa msaada wa kisheria, akauliza kama inaweza kuwa kwenye nyumba mpya ya shangazi wa mtoto, kilimani, nyumba iliyokaguliwa na serikali yenyewe. Hakimu akatazama karatasi. Akasema hapana, si katika nyumba ya Bibi Twyla Sizemore, kwa kuwa mahakama haiwezi kuitegemea sahihi yake.

Aliandika hivyo, na imo kwenye faili. Mpishi aliyelisha nusu ya kaunti bila kukosea hesabu ya sinia.

Walihama Jumamosi iliyofuata, ile ambayo ingekuwa ya Macie. Garland alibeba karibu kila kitu. Kitanda cha mwaloni alikibeba mwisho, peke yake mgongoni, akapanda nacho ngazi za baraza.

"Kiweke chumba kidogo," Twyla alisema.

Alikiweka. Akakisukuma ukutani, akapitisha kiganja juu ya kichwa cha farasi kufuta vumbi ambalo halikuwepo. Halafu akakiinua tena.

"Unafanya nini?"

"Nakirudisha kwenye lori."

"Garland, acha kitanda. Kitanda si mtu. Hakuna anayehesabu kitanda."

"Najua," alisema. "Mimi ndiye sitaki kikae kitupu humo na wewe unakipita kila siku kwenda chooni." Akapita nacho mlangoni, kwa ubavu, kwa uangalifu asikwaruze fremu mpya. "Una kahawa au nyumba ya serikali haina kahawa?"

Alikunywa amesimama. Alimbusu mama yao juu ya kichwa, akamwambia sasa yeye ni mwanamke wa kilimani na asisahau kuwapungia mkono watu wa chini. Orpha akamwambia anyoe. Lori likashuka kilima likipiga breki, na kupitia dirishani waliweza kulifuata mpaka kona ya mto, na paa la gereji, na kidoa cheupe cha karavani nyuma yake.

Mvua ilianza kabla ya saa tisa. Ndogo, ya Novemba, isiyo na haraka. Kwenye paa la Clell ilikuwa na sauti nyingine kabisa, sauti ya mbali, na maji yalipita kando ya nyumba, yakashuka zake bondeni bila kumdai mtu kitu. Twyla alisimama jikoni akiisikiliza. Miezi minane na zaidi alikuwa akiingojea sauti hiyo.

Akaenda chumbani. Orpha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, viatu vimefungwa mafundo mawili.

"Mama, tuko juu. Hapa hayafiki."

"Najua hayafiki."

Twyla akapiga magoti. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, mama akimtazama bila kumzuia. Akalegeza kamba, akashika kisigino. Hapo Orpha akarudisha mguu nyuma, taratibu, chini ya kitanda.

"Acha kwanza," alisema. Alikuwa akitazama dirishani, kule kwenye kona ya mto. "Garland bado yuko chini."

Twyla akauvuta ule mguu mapajani mwake, akaanza kuzifunga kamba upya.